Kupanga Stoo ya Makumbusho Madogo ya Mwambao

Makumbusho ya mji mdogo huanza kwa hisani za watu. Huyu ameleta dele la kahawa la babu yake, yule kasha la njumu za shaba, jirani katoa kanga za harusi ya mama yake, na ofisi iliyohama imeacha makabati mawili ya mafaili. Miaka inapita, chumba kinajaa mpaka mlangoni, daftari lina miandiko ya watu wanne, na siku moja mjukuu anakuja kuuliza kinu cha bibi yake kiko wapi. Mwongozo huu ni wa aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba hicho katika mwambao wa Tanzania au Kenya, mahali penye unyevu wa bahari, kuta za matumbawe, mchwa, na umeme unaokatika.

Wengi wakishakabidhiwa ufunguo huanza kwa ndoo na ufagio. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa kibandiko kilichodondoka chini ya rafu, au karatasi iliyokunjwa ndani ya kikombe, huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya kitu hicho, na hufagiliwa pamoja na vumbi. Mpangilio wa kazi ni huu: simamisha kupokea, orodhesha, toa namba, kipangie kila kitu mahali pake. Usafi wa vitu vyenyewe huja mwisho, tena kwa kiasi.

Kabla ya kugusa rafu

Bandika tangazo kwamba kwa miezi sita hakuna kitakachopokelewa, na umjulishe kila mwenye ufunguo. Hesabu ya chumba ambacho vitu vinaendelea kuingia haimaliziki.

Kusanya karatasi zote zinazohusu vitu: madaftari, risiti, barua za watoaji, kitabu cha wageni, vibandiko vilivyobanduka. Zipige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuanza kuzitumia. Tengeneza pia orodha ya wazee walioleta vitu au wanaovijua, uanze kuwatembelea wiki hiyohiyo ukiwa na picha za vitu hivyo. Kazi ya rafu inaweza kungoja mwaka mzima.

Kisha andika sera ya mkusanyo. Kurasa mbili zinatosha: mnakusanya vya mji upi na kipindi kipi, vitu vya aina gani, nani anaamua kupokea (kamati ya watu watatu au watano, kamwe asiwe mtu mmoja), na kitu kinaondokaje. Sera ndiyo itakayokusaidia kukataa cherehani ya tano bila kumwudhi mtu, kwa sababu aliyekataa ni karatasi.

Jua sheria inasemaje. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na pia milango na fremu za milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kenya inatumia Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, ambayo mpaka wake kwa vitu vya kale ni 1895. Zanzibar ina sheria yake. Maana yake stooni ni kwamba mvuvi akileta vigae vya Kichina alivyookota ufukweni, au mkulima shanga alizofukua shambani, hivyo si zawadi ya kusajili kama nyingine. Andika mahali hasa vilipopatikana, piga picha, ujulishe ofisi ya mambo ya kale. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba nayo yana sheria za wanyamapori. Uliza mamlaka husika kabla ya kupokea hata bangili moja.

Orodha ya kwanza

Fanyeni kazi wawili wawili: mmoja anashika kitu na kukisoma kwa sauti, mwingine anaandika. Anayeandika hashiki vitu. Jiwekeeni vitu 40 kwa siku, msizidishe, maana mikono ikichoka ndipo vikombe vinapovunjika na namba zinaporudiwa.

Anzeni mlangoni, mzunguke chumba kwa upande mmoja bila kuruka. Kila kitu kipewe karatasi ya muda yenye namba ya kawaida (1, 2, 3), ifungwe kwa uzi wa pamba au ilazwe kando yake. Kwenye orodha andikeni jina la kitu, malighafi, vipimo kwa sentimita, mahali kilipo sasa, hali yake, na kila maandishi, mhuri au namba ya zamani iliyopo juu yake. Namba ya zamani haifutwi hata kama hakuna anayeijua maana yake. Mara nyingi maana hupatikana mwaka wa pili, ndani ya faili ambalo hakuna aliyelitarajia.

Msihamishe kitu katika hatua hii isipokuwa kilicho hatarini: kinachodondokewa na maji, kilicho sakafuni penye njia ya mchwa, au kilichoegemea kingine na kukaribia kuanguka.

Namba ya kudumu

Mfumo unaofaa ni wa sehemu tatu: mwaka, kundi, kitu. Namba 2025.4.2 ni kitu cha pili katika zawadi ya nne iliyopokelewa mwaka 2025. Vipande visivyofanya kazi kimoja bila kingine hupewa herufi: kinu 2025.4.2a, mchi wake 2025.4.2b, buli na kifuniko chake vivyo hivyo. Vikombe sita vya seti moja kila kimoja kipate namba yake, kwa kuwa kimoja kikivunjika au kikiazimwa lazima kijulikane ni kipi.

Usiingize aina ya kitu ndani ya namba, kama KAN-01 kwa kanga. Baadaye watu watabishana kama kasha ni samani au ni chombo cha safari, na namba itabidi ibadilishwe. Namba haibadilishwi, na kitu kikiondoka hairithiwi na kingine.

Vitu vilivyokutwa stooni bila kumbukumbu yoyote vipewe B mbele, kwa mfano B.2025.17, yaani bila kumbukumbu, kwa mwaka vilipoorodheshwa. Vilivyoazimwa na makumbusho vipewe M. Kutenganisha hivi kunazuia kitu cha mtu kuhesabiwa mali ya makumbusho kwa kupita kwa muda tu. Na kama mfumo wa zamani unafanya kazi, hata ukiwa wa kizamani, uendeleze. Kuvipa vitu namba upya kwa sababu ya urembo huzaa makosa zaidi ya yaliyokuwepo.

Ndani ya kompyuta andika tarakimu kamili, 2025-004-002, la sivyo kompyuta itapanga kundi la 10 kabla ya la 2.

Kuandika namba juu ya kitu

Namba iwe mahali pasipoonekana kwenye maonyesho, pasiposuguliwa na pasiposhikwa. Aina moja ya kitu, mahali pamoja: sahani zote nyuma karibu na ukingo wa chini, vijiko vyote nyuma ya mpini. Anayetafuta asilazimike kugeuza sahani mara tatu.

Kwa kauri yenye mng'aro, kioo, jiwe, shaba na mbao ngumu isiyopakwa kitu, njia ya kawaida ni kuandika katikati ya tabaka mbili za Paraloid B-72, utomvu angavu wa akriliki ambao huuzwa kama punje na wauzaji wa vifaa vya uhifadhi. Weka gramu 20 za punje kwenye kipande cha chachi, zining'inize ndani ya chupa ya kioo yenye mililita 100 za kiyeyushi cha asetoni, funga, acha usiku kucha. Punje zikimwagwa moja kwa moja chini huganda kuwa bonge lisiloyeyuka. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na moto na sigara.

Kwanza gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni. Rangi ikihamia kwenye pamba, acha njia hii. Pasipohama, futa vumbi, paka mstari wa sentimita moja kwa tatu, ngoja angalau nusu saa. Andika kwa kalamu nyembamba na wino mweusi wa kaboni. Kwenye kitu cheusi tumia rangi nyeupe ya akriliki. Wino ukikauka kabisa, paka tabaka la juu kwa mkupuo mmoja bila kurudi nyuma, maana ukirudia asetoni hukokota wino na namba huwa doa. Mapovu hutokea mchanganyiko ukiwa mzito au brashi ikitikiswa. Tabaka likibanduka, chini kulikuwa na mafuta au chumvi. Kwenye chungu kisicho na mng'aro tabaka la kwanza hunywewa, kwa hiyo paka mara mbili.

Rangi ya kucha isitumike, ingawa ipo kila duka: hubadilika manjano na kubanduka, ikaondoka na namba. Wino mweupe wa kufutia makosa vivyo hivyo. Plastiki, ngozi, mbao iliyopakwa rangi au vanishi, na chuma kinachoota kutu havipakwi kitu. Hivyo, pamoja na vikapu, mikeka na ngoma, hufungiwa lebo ya kadi kwa uzi wa pamba, kamwe si kwa waya.

Kwa nguo, andika namba kwenye kipande cha tepe ya pamba kwa kalamu isiyochuja (ijaribu kwanza kwa maji), kisha shona ncha zake kwa mishono miwili miwili, sindano nyembamba ikipita kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Kwenye kanga chagua kona moja ya pindo, upande wa nyuma, iwe hiyo siku zote. Karatasi na picha huandikwa nyuma kwa penseli ya 2B bila kukandamiza. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, basi namba ikae kwenye bahasha. Sarafu nazo ni bahasha tu.

Rejesta, kadi na kompyuta

Rejesta ni kauntabuku ya jalada gumu. Andika namba za kurasa zote kabla ya kuanza, ili ukurasa ukichanwa ujulikane. Tumia wino mweusi usiochuja kwa maji. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili libaki likisomeka, kisha saini na tarehe. Kila kitu mstari mmoja: namba, tarehe ya kupokelewa, jina, maelezo mafupi, vipimo, aliyetoa, njia (zawadi, ununuzi, wasia), mahali, saini. Rejesta haitoki nje ya jengo, na usiku hukaa kwenye kabati la chuma.

Maelezo marefu yaende kwenye kadi au jedwali la kompyuta. Hapa tofauti ya makumbusho nzuri na ghala la vitu huonekana. "Sahani nzuri ya kizamani" haimsaidii mtu. "Bakuli la kauri nyeupe, maua mekundu ya kupigwa muhuri, kipenyo sm 27, kimo sm 9, chini mhuri wa buluu MAESTRICHT, ufa wa sm 4 ukingoni" linatambulika hata likiibwa, na mhuri huo unamwelekeza mtafiti Uholanzi, zilikotoka kauri nyingi zilizouzwa mwambao katika karne ya 19.

Kanga inahitaji mpangilio wake. Andika rangi na umbo la pindo, kisha mji (sehemu ya katikati), kisha jina, yaani msemo wake, neno kwa neno kama lilivyochapwa, na makosa yake ya tahajia yakiwemo. Usilisahihishe. Kama jina limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lipige picha ya karibu, ulinukuu kwa herufi zote mbili. Eleza kama ni doti nzima au kimebaki kipande kimoja, na kama imepindwa. Soma maandishi madogo ya pembeni: K.H.E. Mali ya Abdulla ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na alama za namna hiyo husaidia kukadiria wakati. Mwisho muulize mtoaji ilivaliwa lini, nani alimpa nani, na jina hilo lilikuwa na makusudi gani. Kanga isiyo na habari hizo itabaki kitambaa chenye methali, nayo masoko yamejaa.

Jambo linaloharibu utafutaji kuliko yote ni majina. Huyu kaandika mbuzi, yule kibao cha nazi, wa tatu mbuzi ya kukunia, na kompyuta inaona vitu vitatu. Mtungi, balasi na kasiki huchanganywa vivyo hivyo. Kaeni, mkubaliane jina moja la kila aina, mliandike kwenye orodha inayobandikwa ukutani, kisha mtenge safu nyingine kwa jina la mahali: Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kimtang'ata. Jina la mahali lisipotee kwa sababu ya utaratibu wa ofisi.

Jedwali liwe moja, mstari mmoja kwa kitu kimoja, na safu ya mahali isiwe tupu hata siku moja. Nakala ziwe tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyingine nje ya jengo kabisa. Flashi si nakala, kwa kuwa hupotea na hubeba virusi. Kila mwaka chapa jedwali zima, ulifunge kama kitabu.

Picha za simu zinatosha. Tandika kitambaa cha kijivu karibu na dirisha, zima flashi ya kamera, weka rula na kadi ya namba pembeni, upige mbele, nyuma, chini, na kila alama au kasoro.

Stoo yenyewe

Chagua chumba kisicho chini ya tangi la maji wala bafu. Ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kutoa chumvi, kwa hiyo rafu zikae mbali nao angalau sentimita 10 na ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu. Nafasi hiyo ndiyo inayokuwezesha kuona njia ya mchwa kabla haijafika kwenye kasha. Ukuta ukimwaga unga mweupe, usipige lipu ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, na chumvi hutokea kwingine ikiwa na nguvu zaidi. Tumia chokaa.

Vizito chini, vyepesi juu, na chochote kirefu kama mlango wa kuchongwa kisimame kikiwa kimefungwa kwa mkanda, juu ya vipande vya mbao. Vyungu vya chini ya mviringo vikalishwe juu ya kata za kitambaa, zilezile za kubebea mtungi kichwani. Kanga na vitambaa vyepesi viviringishwe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kwa kitambaa cha pamba cha marekani. Nguo yenye darizi nzito ilazwe, mikunjo ijazwe vitambaa ili isikatike, na mahali pa kukunjia pabadilishwe kila mwaka. Marekani ifuliwe kwanza mara mbili au tatu kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, mpaka wanga wa kiwandani utoke, maana wanga ni chakula cha mende.

Masanduku ya plastiki chagua kwa pembetatu iliyochapwa chini: namba 2, 4 na 5 zinafaa, namba 3 ni PVC, hutoa tindikali taratibu na kuharibu shaba na karatasi. Magazeti, selotepu, raba bendi na pini za stepla vitoke stooni. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hati ikishapitishwa mashineni hairudi.

Kila mahali pawe na anwani. Herufi ya rafu, namba ya ubao, namba ya sanduku: C-2-5. Iandikwe kwenye rafu na kwenye jedwali. Kitu kikitoka, hata kwa saa moja, karatasi yenye namba yake, tarehe, kinakokwenda na jina la aliyekichukua ibaki mahali pake. Vitu vingi vinavyoitwa vimeibwa vimo humohumo ndani, ubao wa jirani.

Unapobeba, usishike mpini, sikio la kikombe wala mdomo wa dele: ndiko kulikounganishwa, na huenda kuliwahi kutengenezwa. Mikono miwili, mmoja chini, au beseni lililotandikwa taulo. Glovu za mpira kwa metali na picha. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora kuliko glovu za pamba, ambazo hufanya vidole visihisi ukurasa.

Unyevu

Ukungu huota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65. Vitabu vya Ulaya husema asilimia 50, lakini masika mwambaoni hapatikani hapo bila mashine, na mashine bila umeme wa uhakika ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa jioni hupoza vitu, kisha hewa ya usiku yenye maji inavikuta baridi, vikatoka jasho. Feni mbili, madirisha yenye wavu, na nafasi ya hewa nyuma ya rafu vinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Nunua kipima unyevu cha bei nafuu, lakini kijaribu kwanza. Weka kijiko cha chumvi ya mezani kwenye kizibo, dondosha maji mpaka iwe uji mzito, kifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kila siku unapoandika.

Chuma kidogo, sarafu na vifaa vya shaba viwekwe kwenye sanduku linalofunga vizuri pamoja na jeli ya silika (punje za kufyonza unyevu), uzito wake angalau sawa na wa vitu vyenyewe. Chagua ya rangi ya machungwa, ile ya buluu ina kobalti. Ikibadilika rangi, iokwe kwa nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa tatu.

Maji yakiingia, una kama saa 48 kabla ya ukungu. Kausha kivulini kwa feni, kamwe si juani. Daftari lililolowa lisifunguliwe kwa nguvu. Lisimamishe, kurasa zijitenge zenyewe.

Mwanga ni suala fupi: pazia nene stooni, na kanga au hati isionyeshwe zaidi ya miezi mitatu au minne bila kubadilishana na nyingine. Rangi iliyopauka hairudi.

Wadudu

Kila kitu kipya cha mbao, nguo, karatasi au ukindu hukaa wiki mbili kwenye chumba kingine, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukidondoka chini ya tundu, bungua yumo.

Dawa salama kwa vingi ni baridi. Funga kitu kwa kitambaa, kisha mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na kubanwa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, isifunguliwe kwa saa 24, ili matone ya maji yatande nje ya mfuko na si juu ya kitu. Umeme ukikatika hata friza ikapata joto, hesabu inaanza upya. Ngoma zilizowambwa, pembe, vioo, na mbao zilizopakwa rangi haziingii kwenye friza.

Mitego ya gundi iwekwe kwenye pembe za chumba na kando ya mlango, isomwe kila mwezi, na idadi iandikwe. Idadi ikipanda kwenye mtego mmoja, tafuta tundu karibu nao. Mchwa ni kazi ya fundi wa jengo: dawa hupigwa ukutani na ardhini, haipigwi kwenye kasha. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, isitumike, ni sumu kwa anayefanya kazi humo na huharibu baadhi ya plastiki. Karafuu na mwarobaini vinanukia, basi.

Usafi, kwa kiasi

Brashi laini ya rangi, kitambaa kikavu, na kwa nguo mashine ya kufyonza vumbi yenye wavu mdomoni. Hayo yanatosha. Ukwaju na ndimu kwenye shaba vinapendeza siku ya sikukuu, lakini kila ung'arishaji huondoa metali, na maandishi yaliyochongwa hufutika miaka michache tu. Mafuta ya nazi kwenye mbao hukusanya vumbi na kulisha ukungu. Masizi ya chungu na mabaki ya ubani ndani ya chetezo si uchafu. Ndiyo ushahidi wa matumizi. Viache.

Vitu vyenye wenyewe

Misahafu na hati za dini hukaa ubao wa juu, pasiwe na kitu juu yake, na namba iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya jalada, mbali na maandishi. Vitu vya uganga au vya ngoma fulani, waulize wenyewe nani anaruhusiwa kuviona na kuvishika, kisha uliandike hilo kwenye kadi.

Ukifungua tena mlango wa kupokea, hatari kubwa ni urithi. Mjukuu mmoja analeta kasha, mwaka ujao shangazi zake wanne wanakuja kulidai, tena kwa haki. Hati ya zawadi isainiwe na warithi wote wazima au msimamizi wa mirathi, mbele ya shahidi wa mtaa. Kitu cha wakfu hakitolewi na mtu binafsi, hata imamu mwenyewe. Ulizeni kamisheni ya wakfu kwanza. Anayeleta apewe risiti ya muda siku hiyohiyo, kamati iamue ndani ya mwezi, kikikubaliwa kisajiliwe wiki hiyo. Kikikataliwa kirudishwe kwa saini. Masharti kama "kionyeshwe daima" msiyakubali.

Familia ikiazima sinia au upatu kwa harusi, iwe kwa fomu, picha za hali ya kitu, tarehe ya kurudi, na simu ya mtu mzima mmoja anayewajibika.

Ukaguzi

Kila miezi mitatu chagua mistari 20 kwenye rejesta, uvitafute vitu. Kisha chagua vitu 20 rafuni, uitafute mistari yake. Njia hiyo ya pili, ya kutoka rafuni kwenda rejestani, ndiyo inayofichua zaidi, kwa sababu hukutana na vitu ambavyo havikuandikwa kabisa. ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, katika mbinu yake ya RE-ORG ya kupanga stoo za makumbusho madogo, hutumia kipimo kwamba kitu chochote kipatikane ndani ya dakika tatu, na bila kuhamisha vingine zaidi ya viwili. Pima kwa saa. Kisipopatikana, angalia ubao wa juu na wa chini, kisha karatasi za vilivyotolewa, kisha picha za maonyesho ya mwisho. Kikikosekana wiki mbili, kamati ijulishwe kwa maandishi, polisi wapewe picha na vipimo, na mstari wake kwenye rejesta ubaki, ukiongezwa tarehe na neno "hakijaonekana".